Mashuka Uliyoyaombea

Mwaka umezunguka, Mama, na kamba ya nguo pale uani bado imelegea katikati, mahali ulipozoea kuanika mashuka ya watu wasiokuwa ndugu zako.

Ulikuwa dobi wa nyumba ya wageni. Mchana kutwa ulifua mashuka ya wenye uwezo. Jioni ulirudi na vidole vimekunjamana kwa maji, ukaanza ya wagonjwa wasio na mtu wa kuwafulia. Watoto wa mtaani walikuita Mama Povu, nawe uliitika. Baba alitania kwamba itabidi augue ili naye apate zamu.

Kila shuka ulilifua ukimwombea mwenye nalo, kwa sauti, kama mtu anayepiga soga na jirani. Niliporudi kutoka chuoni na maneno yangu mengi, nilikuambia kazi ya mikono inatosha, Mungu haongezi povu. Hukukasirika. Ulisema, "Shuka la mzee kinyozi linanuka, mwanangu. Nisipomwombea huku nalifua, nitaanza kumchukia yeye."

Nilikushikia ncha ya pili, tukalikamua.

Kisha ukaanguka wewe. Kikundi chako cha maombi kilikuja kila Alhamisi, kikajaa sebuleni, kikaimba vizuri sana. Hakuna aliyevuka pazia la chumbani. Mwenyekiti wao alimweleza Baba kwamba wanakuletea kile unachokipenda kuliko vyote. Walikukumbuka ukiomba kando ya vitanda vyao walipougua. Ndoo uliyokwenda nayo walikuwa wameisahau.

Nawe uliwaitikia amina kutoka kitandani. Nilikuuliza unawaitikia ya nini.

"Wanaomba vizuri," ulinong'ona. "Ila nitengee maji, mwanangu. Nimelowa tangu wimbo wa kwanza."

Maneno hayo nimekaa nayo mwaka mzima. Mazishini walilia, na machozi yao yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo linaloniuma. Wangekuwa wanafiki ningeshawasahau. Walikupenda, Mama, lakini walikupenda wakiwa sebuleni.

Mimi nilifua mashuka yako bila kuomba. Niliyasugua kwa hasira mpaka mama mdogo akaninyang'anya ndoo, akasema nitayatoboa na huna mengine.

Sasa mzee kinyozi hawezi tena kuinuka kitandani. Mdogo wangu humwinua, mimi nafua mashuka yake. Ulisema kweli, yananuka. Juzi nilijikuta namsema moyoni, kwamba angeweza basi kuita mapema, kabla hajalowa. Nikatulia, mikono ikiwa ndani ya maji. Nikamwombea maneno machache, kwa shida, kisha nikaendelea kusugua. Nilikuwa bado nimenuna, lakini niliweza kumrudishia mashuka yake na kumtazama usoni.

Kikundi kimetuma salamu. Kinataka kuja Alhamisi hii kukukumbuka na kuwaombea maskini wa mtaa wetu, sebuleni kama zamani. Baba amewajibu kwamba wanakaribishwa sana, ila maombi yatakuwa uani. Mashuka ya mzee kinyozi yatakuwa yamelowekwa. Waje na nguo za kazi.

Mwenyekiti aliuliza kama huo ni utani. Baba akamwambia utani uliisha siku ulipoondoka wewe.

Sijui watakuja wangapi. Ningependa kukuandikia kwamba sina tena kinyongo, lakini wewe ungejua naongopa. Hata hivyo nimeazima ndoo kwa majirani, nyingi kuliko tunazohitaji, nikazipanga chini ya kamba.

Unakumbukwa na Baba, ambaye bado analala upande wake wa kitanda, mimi mwanao wa kwanza, mdogo wangu, ambaye amejifunza kumwinua mgonjwa bila kumuumiza, mama mdogo, na mzee kinyozi, ambaye hana undugu nasi lakini ameomba atajwe hapa.

Hatutakusahau, Mama, maadamu kuna shuka la mtu kwenye kamba yako.