Kwa Nini Babu Yako Hali Bata

Mume wangu mdogo Shukuru,

Usininunie kwa kuchelewa kukujibu. Kutwa nzima nasuka wateja, na mtoto anaota meno. Huku ugenini, Joubert Park, majani yanadondoka, baridi imeanza, ila sote wazima.

Umeuliza kwa nini babu yako, kaka yangu, hali bata. Nilikuwa na umri kama wako, masika yanaisha. Wakwe wa dada yetu walikuwa wanakuja kula, na mama alishawaahidi bata wa mtoni. Alfajiri kaka akanipakia mtumbwini akanionya: "Mtoni bata hatajwi jina, atasikia aruke. Mwite mgeni."

Ukungu ulilala juu ya maji, nikawa kama naota. Tukatega nyavu za samaki, tukangoja bata. Mara bata wakatua mbele yetu, kimya kabisa. Kaka akainua gobore. Nikamnong'oneza, "Kaka, wageni wamefika. Tuwakaribisheje?"

Mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko, gobore likashuka. "Wee mtoto! Sasa mgeni nitampigaje?"

Tukarudi na kambale tu. Mama akafoka, lakini wakwe walikula wakaomba tena. Tangu siku hiyo kaka hali bata, kwa hiyo usimcheke babu yako.

Huku mitaani wananiita majina mengi mabaya, kwa kuwa si wa huku. Jirani yangu, mama wa Kizulu, huniita mgeni wake, na mlango wake haufungwi kwangu.

Nilivyoagiza huko nyumbani sijapata bado: kanga mbili za kumbebea mtoto, dagaa wakavu, na kambale wa moshi wawili, mmoja wetu, mmoja wa jirani huyo. Nimeshamwahidi.

Bibi yako,
Mama Tumaini