Treni Nimemsifu, Mama Watoto Ameondoka

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba usicheke kabla hujafika mwisho, maana mficha uchi hazai. Mimi ni fundi cherehani, watoto wetu wote wameshaoa na kuolewa, nyumbani tumebaki wawili, mimi na mama watoto, ambaye ni muuguzi wa wodi ya wazazi, na ugonjwa wangu mimi ni vitreni, vile vya watu wazima kuchezea, vimejaa kabati la vyombo mpaka vikombe vimehamia jikoni.

Sasa juzi nimeletewa mkubwa, kichwa cha treni ya mvuke, mpya kabisa, urefu wake kama meza yangu ya kukatia vitambaa, wanaume wawili walimbeba wakitweta, na si wa betri mshauri, huyu unamtia maji, unamwashia makaa ya mawe tumboni, unangoja, mara anaanza kuguna, mvuke unamtoka ubavuni, vyuma vya magurudumu vinakunjuka na kukunjika kama goti la mtu anayekanyaga cherehani, rangi yake nyeusi ukiinama unajiona, ribiti za kuunganishia mabati zimepangwa kama mishono ya fundi asiye na haraka, na honi yake nyembamba, ya huzuni kidogo, nilipoisikia mara ya kwanza nilikaa chini nikafuta macho. Anavuja mafuta kidogo upande wa kushoto, lakini hata hilo nalipenda.

Nilimficha chumba cha watoto, nikamfunika shuka, kwa kuwa mama watoto alishasema kabati limejaa, basi. Jioni nikampigia rafiki yangu fundi saa, mgonjwa mwenzangu, nikamwambia, “Amefika bwana! Mweusi wa kung'aa, kiuno kimejaa, akipumua tu moyo unanienda mbio. Nimemlaza chumba cha watoto, mama watoto hajui.” Kugeuka, mama watoto huyo mlangoni na sare yake ya kazini. Akaenda moja kwa moja akafunua shuka. Nikadhani sasa atacheka, lakini alikitazama kile kichwa, akasema, “Angekuwa mwanamke ningegombana naye. Sasa hiki chuma nikiambie nini?” Akafungasha nguo, akaenda kwa dada yake.

Nikimpigia simu anapokea vizuri, ananiuliza kama nimekula, ila habari ya kurudi haitaji. Nyumba imekuwa kubwa. Mshauri, nimuuze treni, au nimshonee gauni nimpelekee? Nampenda yule mama, sitaki kuzeeka bila yeye.

Fundi Cherehani, taabani

Fundi,

Nimecheka, nisamehe, na ulinikataza. Kisha nikaisoma barua yako mara ya pili, kicheko kikanikauka.

Pole kwa upweke, ingawa mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Unadhani mkeo aliondoka kwa sababu alidhani umeficha mwanamke? Shuka si alishalifunua! Kilichomuuma ni ile sauti. Ametoka kazini miguu imevimba, kutwa nzima amepokea watoto wa wenzake, anafika kwake anagundua kuwa mumewe anajua kusifu, tena anajua kwelikweli, ila sifa zote zimekwenda kulala chumba cha watoto.

Hebu tazama ulivyoandika. Yeye amekiita chuma “hiki”, kama Waswahili wote. Wewe umekiita “huyu”, amefika, anaguna, anapumua, hata kuvuja kwake unakupenda. Honi yake naijua. Mkeo je? Najua ni muuguzi na amehama. Anachekaje? Akitembea yukoje? Kasoro zake ni zipi, nawe ukampenda nazo? Mwanamume mzima, viuno vya wake za watu unavipima kila siku, wako umemwandikia mstari mmoja!

Na hilo la “mama watoto”. Watoto wamekwenda kwao. Katika nyumba ya watu wawili, ukiita “mama watoto” unamwita nani?

Sasa nisikilize. Treni usiuze. Ukiuza utamlaumu mkeo kimoyomoyo kila ukipita karibu na kabati, na yeye atajua. Itoe mafichoni uiweke sebuleni, kilichonuka ni siri, si mafuta. Gauni nalo liache kwanza, wewe gauni ndiyo njia yako ya kukwepa kusema. Kesho funga kibanda chako cha kushonea mapema, oga, vaa, nenda kwa shemeji yako wewe mwenyewe, usitume mtoto. Mkiachwa wawili, mwambie ulichokiona kwake siku ile ya kwanza na unachokiona leo, polepole, kwa sauti uliyompa fundi saa. Treni usiitaje hata ukiulizwa. Ukikwama, kwama tu, atakungoja. Mwanamke anayekuuliza kama umekula bado hajakuacha.

Kabla ya mtoto wa kwanza kuzaliwa, ulikuwa ukimwita jina gani? Usiniandikie mimi. Kapige hodi, na akiuliza ni nani, mwite hilo.