Hapa Hakuna Mgeni

Mpendwa mshauri, nisaidie, maana neno lenyewe nimeshindwa kumwambia hata mume wangu. Mimi ni karani wa nyumba ya kulelea wazee mchana, watoto huwaleta wazazi wao asubuhi wakienda kazini na kuwachukua jioni, na kwetu kuna mama mmoja tunamwita Shangazi, hana undugu na yeyote pale wala halipwi, ila kwa miaka tisa amekuja siku nne kwa wiki kuwaogesha wazee, kuwakata kucha na kuwatania mpaka waliogoma kula wanakula. Yeye ndiye aliyefuma kile kitambaa kilichotundikwa mlangoni kwetu, HAPA HAKUNA MGENI.

Wiki mbili zilizopita alikuwa anamtoa mzee mmoja bafuni, mzee akateleza, Shangazi akajitupa chini yake, mzee akainuka hana hata mkwaruzo, Shangazi nyonga imevunjika. Daktari anasema asipopasuliwa mapema hatatembea tena, na hospitali inasubiri barua ya bima yetu, na hapo ndipo machozi yananitoka, kwa sababu fomu ya bima niliijaza mimi. Waliuliza, "Mna watu wa kujitolea? Wangapi?" nikamgeukia mkurugenzi, akacheka akasema, "Kujitolea ni kwa wapita njia, dada, hapa sisi ni familia," na wakala wa bima ameketi pale pale, tena kiti alipewa na Shangazi, nami nikaona limesemwa neno zuri, nikaandika "Hakuna." Sasa bima inalipia wafanyakazi, wazee wetu na wageni wanaotutembelea, na Shangazi hayumo hata kundi moja.

Juzi mkurugenzi akaniita, akafunga mlango, akafungua daftari la wageni ukurasa wa siku ile, kuna mstari mtupu chini ya jina la fundi bomba, akaniambia, "Mwandike hapo, alikuja kutusalimu. Unataka asitembee kwa sababu ya neno moja?" Mshauri, nimeandika. Nimeandika kwa penseli, na kwenye safu ya jina nimeweka "Shangazi" tu, maana ndivyo tunavyomwita. Mkaguzi wa bima anakuja wiki ijayo. Jana nilikwenda hospitali, Shangazi akanishika mkono akauliza, "Wazee wangu wanaogeshwa?" nikashindwa kumtazama. Nikifuta, nimemnyima miguu, nikiacha, nimekuwa mwongo. Nifanye nini?

Karani

*

Karani mwanangu, pole. Nimeomba barua yako itangulie zilizofika kabla yake, kwa hiyo nisome vizuri na usinune.

Kosa la kwanza siliiti wizi. Mlimzoea mtu mpaka mkasahau kumwandika. Lakini mtu wa familia ndiye anayetajwa mapema panapoulizwa nani yupo, nanyi mliulizwa mkajibu hakuna. Mkurugenzi wako mwambie nimemuuliza hivi: Shangazi alipokuwa mzima alikuwa familia, amevunjika ndiyo amekuwa mgeni? Aone haya.

Na wewe usijifiche nyuma ya penseli. Mwenye uhakika huandika kwa wino. Halafu mmefikiri mpaka wapi? Mkaguzi atakwenda wodini, atavuta kiti, atamuuliza, "Mama, siku ile ulikwenda kumtembelea nani?" Yule mama amelala chali na maumivu yake, mnataka ama awasaidie kudanganya, ama awaumbue. Na uongo huo ukijulikana, bima itapata sababu ya kukataa kila kitu, na wazee wote waliobaki watakosa kinga. Hilo mkurugenzi hakukwambia.

Sasa sikiliza. Usifute. Karatasi iliyofutwa huonekana, na itawaponza zaidi. Piga mstari mmoja wa wino juu ya ulichoandika, weka pembeni "si kweli", tarehe na sahihi yako. Kesho asubuhi mpelekee wakala barua inayoeleza lile swali, lile jibu na kwa nini mlijibu hivyo. Mkumbushe na kile kiti. Alimwona Shangazi kwa macho yake akifanya kazi na hakuuliza, kwa hiyo hoja mnayo, ila isemwe kweli tupu.

Sitakudanganya, wanaweza kukataa. Ndiyo maana siku hiyo hiyo kamati iitwe, na watoto wote wanaowaleta wazazi wao kwenu waambiwe, akitangulia yule ambaye mzazi wake alimwangukia Shangazi. Hospitali isisubiri bima. Ipewe barua yenu wenyewe, yenye muhuri na sahihi ya mkurugenzi, kwamba mgonjwa ni wenu na gharama ni zenu, bima ilipe isilipe. Akikataa kutia sahihi, kakishushe kile kitambaa mlangoni.

Lakini kabla ya yote hayo nenda wodini. Mweleze Shangazi ulichoandika na kwa nini uliandika. Akikukaripia, nyamaza, ni haki yake. Kisha mwombe jina lake. Barua yako nimeisoma mara tatu nikilitafuta, na daftarini nako hukuliweka, miaka tisa mko naye. Muulize, lirudie mara mbili ulimi ulizoee, halafu uliandike kwenye barua zile mbili, kwa wino.