Kuku Wangu na Vifaranga vya Béata

Jumatatu, 6 Oktoba

Jirani yangu Mama Fabiola amerudisha mayai aliyonunua kwangu. Yote! Anasema yananuka samaki, mumewe amesukuma sahani. Amesemea mlangoni, kwa sauti, majirani wasikie vizuri.

Na kweli yananuka. Ni Béata. Wifi yangu huyu, dada wa marehemu bwana wangu, alikimbia vita huko Masisi akaja na kuku mmoja, amemfunga kwa kitenge mgongoni kama mtoto. Nyumba imeachwa, mashamba yameachwa — kuku amekuja! Tena ameangua vifaranga humu humu, ndani ya banda langu, maana kiwanja ni mawe matupu ya volkano na hakuna pa kujenga banda la pili. Sasa Béata anawamwagia wote mabaki ya sambaza, wale dagaa wa ziwani, eti ndiyo nguvu. Wangu nao wanakula. Nimechoka naye. Kuanzia sasa chakula nachagua mimi.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimeleta chakula cha pondeuse, kile cha kuku wanaotaga, chenye chokaa ya kukaza ganda. Nimejaza chombo. Wakubwa kwa wadogo, mlo mmoja.

Béata akachota, akanusa. "Mama Vanessa, hii iko ya kuku yenye kutaga. Ya batoto iko ingine."

Nikamuuliza alisomea wapi udaktari wa kuku. Huko Masisi kuku walijitafutia wadudu, hakuna aliyewachagulia kitu! Akarudisha chakula chomboni, akapangusa mkono. Namchukia anapokuwa mpole hivyo.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mayai magumu, safi, hayanuki. Nimempelekea Mama Fabiola moja bure, anuse mwenyewe.

Kifaranga kimoja hakisimami vizuri. Baridi, bila shaka.

Jumanne, 28 Oktoba

Vifaranga wawili wamekufa. Kinyesi cheupe, miguu imevimba. Béata amewazika kando ya choo, mahali pekee penye udongo. Amelia. Mwanzoni nilidhani anajifanya. Kisha akasema yule kuku na watoto wake ndio kitu pekee kilichobaki cha kwao. Nilikuwa na aibu, na aibu inanizidishia hasira.

Jioni nimepakua maharage. Béata hakugusa. Ameshika sahani, ananitazama mdomo. Nikaelewa. Mgeni akipewa pombe, mwenye nyumba huonja kwanza, ajue hakuna sumu. Ndiyo heshima yetu. Lakini maharage? Mtu anayelala kwangu? Anangoja nionje! Na Vanessa, binti yangu wa kumzaa, naye ameshika kijiko hewani. Nimekula kwa fujo mpaka nikapaliwa.

Alhamisi, 30 Oktoba

Siku mbaya. Niandike yote.

Asubuhi nilikwenda sokoni kwa Havugimana, anayeniuzia chakula cha kuku. Nilitaka aniambie sikukosea, basi. Akacheka!

"Mama, ile chokaa inaharibishaka figo ya batoto. Kama bakubwa na batoto biko pamoja, upatie bote chakula ya croissance." Yaani cha kukuzia. Chokaa niweke pembeni kwenye kibakuli, kuku anayetaga ataifuata mwenyewe. "Kwa nini hukuniuliza?"

Kwa sababu Béata alikuwa amekwisha kusema, na nisingekubali kwamba alisema kweli! Sikumjibu hivyo. Nimenunua croissance, nikaficha mfuko ndani ya kitenge.

Nafika uani — watu! Béata, Mama Fabiola, na muzee Twagirimana, chef wa avenue yetu, yaani mkuu wa mtaa. Katikati, bakuli lenye chakula changu cha pondeuse.

"Mama Vanessa," muzee akasema, "batu banasema unawekaka sumu. Onja, tumalize."

Chakula cha kuku! Mbele ya watu! Nikachota mkono mzima, nikatafuna. Chokaa, vumbi, maganda ya mahindi kwenye meno. Nikameza, nikafungua mdomo waone. Nilitamani kuwatemea wote.

Wakangoja. Sikuanguka. Muzee akatoa hukumu: chakula ni kizuri, hakuna sumu, kuku waendelee na hicho hicho, maneno yaishe. Béata akapiga magoti kwenye mawe, akashika miguu yangu. "Unisamehe, Mama Vanessa. Nilikuwazia mubaya. Tangu leo nitabapatia mwenyewe hii yako, kwa mukono yangu, batu baone."

Hapo ndipo ningesema. Mfuko wa croissance ulikuwa kwapani! Lakini nikisema, nimewaambia wote kwamba muuaji ni mimi kweli, na unga wenyewe bado uko kwenye ulimi. Mama Fabiola angeyatangaza mtaa mzima wa Mabanga kabla ya giza. Nikamwinua Béata. Nikasema yamekwisha.

Ijumaa, 31 Oktoba

Béata ameamka kabla yangu, amejaza chombo. Anaimba! Chai yangu ameinywa bila kungoja. Vanessa amecheka naye. Nimefurahi, kusema kweli. Muda mrefu hakuna aliyecheka nyumbani humu.

Mfuko uko chini ya kitanda. Nilidhani nitabadilisha chakula kwa siri, lakini yeye habanduki bandani. Anawalinda. Kila nikitoka, yuko pale, ananitabasamia. Ningempiga!

Sasa amekuja mlangoni, mimi naandika. Kifaranga kingine kinajikokota kwa magoti. Anauliza akiongezee chakula, kipate nguvu? Ananitazama kwa imani yote, mjinga huyu.

Nimemwambia aongeze. Nasikia anawaita waje kula.