Nakala ya Tatu

Jumatatu, 6 Mei

Rekodi yangu ya mlima wa Kalinzi imekwenda. Jana, Jumapili, saa tatu na dakika tatu asubuhi. Miaka sita ilikuwa yangu: saa moja na dakika 38 kutoka njia panda ya Mwandiga hadi juu, baiskeli ya gia moja. Leonidasi kaikata kwa dakika nne na sekunde arobaini. Mimi nimekuwa wa pili. Saa moja na dakika 41. Nimezeeka kwa dakika tatu.

Leo karakana kama kawaida. Ringi nne nimezinyoosha, pedeli mbili nimezitia gololi. Shabani kaja na pancha isiyokuwapo, kaja kucheka tu. "Fundi Rama, mlima umehama jina. Sasa ni mlima wa Mrundi!" Wateja wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Ndani nilikuwa nachemka.

Niandike jambo la haki. Ile njia niliipima mimi. Nilifunga kibati kwenye spoku, kikawa kinagonga kila mzunguko, nikahesabu mizunguko 11,180. Kilomita ishirini na tano kasoro kidogo. Klabu hii niliianza na watu watatu. Nimeanza kuziba pancha nina miaka kumi na miwili, sikupelekwa shule ya ufundi na mtu. Na ile baiskeli anayoendesha Leonidasi niliiunga mimi, fremu yangu, mikono yangu. Alikuja karakana Februari, amekonda, akaniomba kazi ya kuosha cheni. Nikamwona anavyokaa juu ya tandiko, nikampa fremu.

Leo najuta kuwa na macho.

Jumanne, 7 Mei

Nimefungua jalada la klabu. Walioshindana ni 23. Barua za balozi wa nyumba kumi ni 22. Inayokosekana ni yake.

Sheria ya barua niliiandika mwenyewe, miaka minne iliyopita, vijana wa Kasulu walipokuwa wanashuka kuja kuchukua zawadi zetu na kurudi kwao. Asiye mkazi hashindani. Mstari mmoja, hauna kona.

Leonidasi si mkazi. Yuko kwa mama yake mdogo, Mama Sabina, mtaa wa pili kutoka kwangu. Alimleta mama yake mzazi kutoka kambini kutibiwa kidonda cha mguu. Kibali chao kilikuwa cha siku thelathini. Zimepita mia moja na kumi.

Nimeandika pingamizi. Nimeweka kaboni, nikapata nakala tatu. Ya kwanza Mwenyekiti. Ya pili jalada. Ya tatu Mtendaji wa Kata. Aya ya pili nimeiandika vizuri: mhusika ni mkimbizi wa kambi, kilomita tisini kutoka hapa, kibali chake kimekwisha. Mwandiko safi. Nimepeleka zote tatu kabla ya adhuhuri.

Nimekula kwa hamu.

Alhamisi, 9 Mei

Siku ya kujitolea. Boti mbili zimeingiza watu kutoka upande wa Kagunga tangu juzi, wako kituo cha mapokezi karibu na ziwa, bomba halitoshi. Klabu imebeba maji. Baiskeli 14, madumu mawili kila moja, safari tano. Lita 2,800. Nimewapanga mimi, hakuna aliyegongana na mwenzake.

Leonidasi hakubeba mengi. Alikuwa anatafsiri. Wazee wanashuka wamechanganyikiwa, anawashika mkono, anawauliza majina ya watoto wao taratibu, mmoja mmoja. Akiwa na kikombe mkononi akanijia.

"Shikamoo, kaka Rama. Jumapili nilikusubiri kule juu mpaka jasho likakauka. Nikasema labda kaka kapitia kununua kahawa."

"Marahaba. Endelea kucheka."

"Kaka, tairi za zawadi ni mbili. Moja yako. Bila fremu yako ningepanda na nini? Mgongo?"

Nikamwambia tutaona.

Barua ilikuwa na siku mbili kwenye meza ya kata. Nikaendelea kuhesabu madumu.

Jumamosi, 11 Mei

Wamemchukua. Asubuhi, uani kwa Mama Sabina, akiwa anachota maji ya kumwogesha mama yake. Yeye na wengine watano wa mitaa ya jirani. Lori moja, limekwenda kambini Kasulu. Hawakumpiga. Walikuwa na karatasi, wakasoma jina lake lote; la mama yake halikuwapo.

Shabani ndiye kaniambia. Hakuwa na mzaha hata mmoja.

Nimefunga karakana saa tano. Nimewaambia watu naumwa kichwa. Sikuwa naumwa kichwa.

Jumapili, 12 Mei

Matembezi ya klabu, Ujiji hadi Mwandiga na kurudi. Hakuna aliyekimbia mbele. Tumekwenda kama watu wanaosindikiza.

Baada ya hapo Mwenyekiti, Mwalimu Komba, kaniita pembeni. Ni mtu wa Songea, kaletwa hapa kufundisha hesabu, mpole. Alikuwa na barua yangu.

"Fundi, pingamizi lako liko sawa. Kwa sheria yetu ushindi ni wako." Akaigeuza karatasi. "Lakini nakala ya tatu ilikuwa ya nini?"

"Utaratibu, Mwalimu. Barua zetu zote huenda na nakala kata."

"Za kuomba uwanja, ndiyo. Kata inahusika vipi na nani kapanda mlima haraka?"

Akanipa tairi mbili, zimefungwa kwa kamba ya katani. Nimezitundika ukutani nyuma ya mlango. Nikiufungua hazionekani.

Jumanne, 14 Mei

Mama Sabina kaja karakana. Nikadhani kajua. Hakujua.

"Baba Zuhura, nitafutie mtu mwenye baiskeli na moyo. Dada yangu anatakiwa zahanati kila baada ya siku moja, kusafishwa kidonda. Leonidasi alikuwa anambeba kwenye keria. Toka Jumamosi hajakwenda. Kinaanza kunuka."

Nimejisikia kama mtu aliyepakwa kinyesi mbele za watu, na watu hawajaona bado.

Nimesema nitambeba mwenyewe.

Jumatano, 15 Mei

Nimembeba Bibi Anastazia, mama yake Leonidasi. Nimefunga mto kwenye keria, na kipande cha ubao cha kuegemeza mguu. Kilomita mbili na robo, nimekwepa mashimo yote. Mizani ya zahanati inasema kilo 38. Gunia la mkaa ni zito kuliko yeye.

Alinishika shati kwa nyuma kwa mikono yote miwili. Kiha changu na Kirundi chake vinasikilizana, hatukuhitaji mkalimani. Njiani kasema watu wanadai kuna mtu aliandika barua.

"Wewe unamjua?"

Nikasema simjui.

Tulipofika nyumbani akaniwekea mkono kichwani, "Urakoze, mwana wanje." Ahsante, mwanangu.

Nimeosha baiskeli mara mbili. Haikuwa chafu.

Ijumaa, 17 Mei

Nimembeba. Kidonda kina upana wa kifuniko cha soda. Muuguzi anasema tukikosa tena siku tatu, mguu utakatwa. Kanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye mtoto.

Bibi kanisimulia Leonidasi alivyokuwa anapeleka kahawa sokoni kwao kwa baiskeli ya mbao, anateremka mlima bila breki. Kacheka mpaka kakohoa. Mimi nilitazama barabara.

Jumapili, 19 Mei

Nimembeba. Sikwenda klabu.

Jumanne, 21 Mei

Nimembeba. Kaniuliza jina la mama yangu ili amtaje kwenye sala zake. Nimempa.

Alhamisi, 23 Mei

Nimembeba asubuhi. Saa nane Mama Sabina kaingia karakana. Sasa amejua. Karani wa kata kamwambia jirani, jirani kamwambia yeye. Wateja walikuwa watano, Shabani mmojawapo.

Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu.

"Miaka ishirini na nne niko mji huu. Mawese yenu nimekamua, misiba yenu nimepika. Mkeo alipojifungua Zuhura maji ya moto nilichemsha mimi. Nina swali moja, Baba Zuhura. Ulijua au hukujua?"

"Ilikuwa utaratibu, mama."

"Sikuuliza utaratibu."

Akangoja. Nikainama nikatafuta spana. Ilikuwa mkononi mwangu. Akaondoka.

Shabani kachukua baiskeli yake ikiwa bado haijafungwa cheni, kaisukuma kwenda kwa fundi mwingine.

Jumamosi, 25 Mei

Nimekwenda kama kawaida, saa mbili. Nilitegemea mlango umefungwa. Mama Sabina alikuwa kizingitini.

"Anasema uingie. Ningekuwa mimi, ningekupa mgongo ukabaki kusoma maandishi ya kanga."

Bibi Anastazia alikuwa ameshavaa. Akapanda. Safari nzima hakunishika shati. Alishika springi za tandiko, chini yangu, na vidole vyake vingeweza kubanwa kila shimo. Nimeendesha kama nimebeba mayai. Hakusema neno kwenda. Hakusema neno kurudi.

Nimefikiri ningependa anitukane. Halafu nimefikiri hata hilo nalitaka kwa ajili yangu.

Jumapili, 26 Mei

Kikao cha klabu. Nimesimama, nimefuta pingamizi, nimerudisha tairi. Kwenye daftari la rekodi nimeandika kwa mkono wangu: Leonidasi, saa 1, dakika 33, sekunde 20. Hakuna aliyepiga makofi. Ni sawa.

Shabani kauliza, "Sasa hiyo inamrudisha?"

Hapana. Haimrudishi.

Jumatatu, 27 Mei

Nimekwenda ofisi ya vibali vya wakimbizi, nimekaa benchi tangu saa mbili hadi saa saba. Ofisa ni kijana, mgeni hapa, ana adabu. Kanieleza. Kuna kibali cha kuuguza, siku tisini, kinaweza kurudiwa. Kinataka mambo matatu. Cheti cha zahanati: ninacho. Mdhamini raia, mkazi: Mama Sabina hawezi, karatasi zake mwenyewe hazijakamilika mpaka leo. Na mkimbizi mwenyewe ataje mdhamini kwa jina na kutia sahihi kule kambini kwamba anamkubali.

"Nani atamdhamini?" kaniuliza.

Nikasema mimi.

Kaangalia jalada. Barua yangu ilikuwa ya juu kabisa, mwandiko uleule. Kaangalia jina langu, kaniangalia usoni. Kagonga muhuri kwenye fomu tupu, kanisukumia.

Nilitamani sakafu ifunguke.

Jumanne, 28 Mei

Nimembeba. Zamu ya jana muuguzi aliisogeza hadi leo. Nimemwambia Bibi kuhusu fomu. Nimemwambia pia kwamba siku ile aliponiuliza nilimdanganya. Tulikuwa tumesimama kivulini pa zahanati, tunangoja zamu.

"Mwambie yeye," akasema. "Mimi ni mguu tu."

Nimewauliza wengine wa klabu kama kuna anayeweza kuwa mdhamini badala yangu. Watu 21. Wawili hawana vitambulisho vya makazi vinavyotakiwa. Kumi na tisa wanaogopa kuitwa ofisini. Mwalimu Komba angekubali, lakini makazi yake bado yameandikwa Songea. Siwalaumu, mimi ndiye niliyewaonyesha ofisi inavyofanya kazi.

Jumatano, 29 Mei

Mvua zimekwisha. Vumbi limeanza kupanda barabarani na ziwa limekuwa kimya toka asubuhi.

Mwalimu Komba anakwenda Kasulu kesho alfajiri na gari la shule, atafika kambini, atarudi Ijumaa kabla ya adhuhuri. Atabeba fomu na barua. Ningeweza kwenda mwenyewe, kilomita tisini, saa saba kwa mwendo wangu. Nimeamua nisiende. Namjua Leonidasi. Nikisimama mbele yake ataniamkia, ataniletea kiti, atasema ndiyo kwa heshima. Simtaki aseme ndiyo kwa heshima. Akisema hapana, nitatafuta mtu mwingine, nyumba kwa nyumba, na mama yake nitaendelea kumbeba vilevile.

Barua nimeiandika mara tano. Nne za kwanza zilikuwa na maelezo. Klabu, sheria, vijana wa Kasulu, miaka sita. Nimezichoma kwenye jiko la kuyeyushia gundi. Ya tano hii hapa, nimeinakili ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba niliandika vingine.

"Leonidasi. Mama anakwenda zahanati kila baada ya siku moja, kidonda kinafunga, mguu hautakatwa. Nambeba mimi. Barua iliyokutoa Ujiji niliandika mimi. Nakala ya kata haikuwa utaratibu. Nilijua wataisoma, nilijua watakachofanya, na nilitaka uondoke mlimani. Nilijua. Fomu hii inataka mdhamini na aliyepatikana ni mimi peke yangu. Unanikubali au hunikubali? Andika neno moja chini ya jina langu, ndiyo au hapana, utie sahihi, umpe Mwalimu. Ofisi inafunga fomu Ijumaa saa sita mchana. Nijibu kabla ya hapo."