Koti la Baba Yako Limetoka Msumarini

Chumba cha nyuma,
Dukani kwa dobi.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mwanangu Kifungo,

Salamu nyingi zikufikie huko kwenye baridi, zikukute umekaa mahali penye mwanga. U hali gani? Sitaki lile jibu lako la "sijambo shangazi, msijali." Nauliza mgongo, nauliza usingizi, na zaidi ya yote nauliza jicho. Sisi huku ni wazima. Mama yako miguu inamsumbua asubuhi, ila ikifika jioni anatembea kama msichana. Mimi ni yuleyule: mikono imekakamaa kwa sabuni, mdomo bado.

Habari za jicho nimezipata kwa dada yako. Usimkasirikie, nilimbana mpaka akasema. Daktari alitaka kukupasua kabla ukungu haujalifunika lote, wewe ukaomba tarehe isogezwe mbele. Pesa ya matibabu ukaituma huku, kwa sababu nilikuwa nimekuambia pasi ya mvuke imeungua. Mwanangu, kila nikiishika hiyo pasi mpya naona haya. Umeninunulia pasi kwa jicho lako. Nililia, nakuambia wazi, tena mbele ya wateja.

Basi nisikilize. Unalikumbuka koti la marehemu baba yako, lile la kijivu, nyuma ya meza ya kupigia pasi. Kaka yangu alikuwa akifika kazini analivua analitundika msumarini, na kila mteja akilipa, pesa inaingia mfuko wa kulia. Alipofariki hakuna aliyethubutu kulishusha. Tukaendelea kutia humo humo: pesa ya mashuka, pesa ya mashati, na hizi unazotuma wewe, dada yako akizichukua alizitia humo humo. Mwenye shida naye akatumbukiza mkono. Ada, dawa, nauli, msiba wa jirani, jibu lilikuwa moja: "Nenda kwa koti." Na koti halikuwahi kumwambia mtu hapana. Kuchungulia ndani tuliona ni utovu wa adabu, kama kumpekua marehemu.

Na hayo yakatokea kwa dobi! Wewe mwenyewe uliitwa Kifungo kwa sababu ulimeza kifungo ulichokiokota kwenye suruali ya mteja, na tangu siku hiyo baba yako akaweka sheria: nguo haigusi maji kabla mifuko haijageuzwa nje. Nimegeuza mifuko ya mji mzima. Huo mmoja sikuugusa.

Siku niliyoambiwa habari za jicho nilipanda kwenye kigoda, nikalishusha. Nikaugeuza mfuko mbele ya mama yako na dada yako. Zikadondoka sarafu, pini, na kipande cha sabuni kilichokauka. Dada yako akaniuliza, "Shangazi, hivi duka hili linakulipa kiasi gani?" Nikamwambia alete kalamu na karatasi.

Tukakaa chini tukapiga hesabu ya sabuni, maji, umeme, na yale mashuka ya nyumba ya wageni ambayo ndiyo kazi tuliyokuwa tukijivunia. Kumbe kila shuka lilikuwa linatutia hasara. Nilidhani duka linatulisha na wewe unatuongezea mboga. Kumbe wewe ndiye uliyekuwa ukililisha duka, na sisi tumekaa juu yake. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwetu habari ilikuwepo, ila tuliiogopa.

Nimefikiri sana kwa nini tuliogopa. Nadhani tulichukulia kuhesabu kuwa ni uchoyo. Kutoa ni moyo si utajiri, tulijiambia, na tukatoa kwa mkono mkunjufu. Lakini tulikuwa tunatoa chako. Halafu nilihisi duka likionekana halina kitu, kaka yangu atakuwa amekufa mara ya pili. Sasa naona yeye amekwishapumzika, Mungu amrehemu, na aliyekuwa anaumia ni mtoto wake.

Mambo yamebadilika. Pesa ya duka ina kopo lake na ya nyumbani ina kopo lake, na makopo hayo hayatembeleani. Mimi napokea mshahara Jumamosi. Uzee wote huu sijawahi kuajiriwa na mtu, sasa nimejiajiri mwenyewe, na bosi wangu ni bahili huyo, usiombe.

Sikufichi, si yote mazuri. Mwenye nyumba ya wageni nilimtajia bei mpya, akabeba mashuka yake akaenda kwingine bila hata kuaga. Duka limepoa. Kuna asubuhi nakaa mikono mitupu, natazama mlango. Lakini kidogo kinachoingia, kinabaki.

Baba yako mdogo alikuja Jumanne, akanyoosha mkono kama kawaida yake, akashika ukuta. "Dada, koti liko wapi?" Nikamwambia limekwenda kufuliwa. "Sasa mtu mwenye shida aende wapi?" Nikamvutia kiti, nikamtilia chai, nikamwambia anieleze hiyo shida yake. Akanuna, lakini chai akanywa. Kumbe shida yenyewe ni redio imeharibika. Kumkatalia kuliniuma, ni ndugu yangu wa tumbo moja. Ila nimegundua mtu anaweza kukosa redio na undugu ukabaki palepale.

Sasa ombi langu, na ukitaka liite amri. Mwezi huu usitume kitu, wala ujao. Rudi kwa daktari, mwambie uko tayari. Ikitufika shida ya kweli nitakuandikia, sitakuficha kama wewe ulivyonificha. Duka likisimama, lisimame kwa miguu yake. Likifungwa, siku moja litafunguliwa. Jicho sina hakika nalo.

Mama yako anakusalimu na hajui kwamba nimeandika habari za miguu yake. Dada yako anakusalimu. Baba yako mdogo naye anakusalimu, ingawa kwa shingo upande. Mfikishie salamu zangu yule mpishi unayeishi naye chumba kimoja, nasikia ndiye anayekusomea maandishi madogo. Kama ndiye anayekusomea na hii, namwambia: mpeleke hospitali hata kwa kumkokota.

Koti nimelifua kwa mikono yangu, nimelipiga pasi kwa hiyo pasi yako, na atakuletea nesi, binti wa jirani, anayerudi huko wiki hii. Mabega yatakutosha, umekuwa na mwili wa baba yako. Mifuko nimeigeuza nje yote miwili, haina kitu. Usitie humo chochote, mwanangu, ila mikono yako, ipate joto.

Mungu akuangazie njia, nawe uione.

Ni mimi nikupendaye,
Shangazi yako, dobi.