Ng'ombe wa Ziba Wanakuulizia, Mjomba

Nyumbani kwa Bibi Sikuzani,
Itetemia, Tabora.
19 Oktoba, 1974.

Mpendwa Mjomba Mfaume,

Shikamoo Mjomba. Natumaini miguu yako inakubeba vizuri na joto la Dar es Salaam halijakuyeyusha ukabaki kofia tu. Bibi anauliza kama unalala ndani ya chandarua, maana anasema mbu wa pwani hawana adabu. Mama naye anauliza kama unakula chakula cha maana, au unashindia chai na mkate huko kwenye karakana ya mtaa wa Gerezani. Unijibu yote mawili, la sivyo mimi ndiye nitakayesumbuliwa hapa kila jioni.

Sisi hatujambo. Idi tumeila juzi kwa pilau na jogoo mmoja ambaye nadhani alikuwapo Wajerumani walipojenga reli. Mwaka huu nimefunga mwezi mzima, ukitoa siku mbili ambazo nakuomba usiniulize. Mvua bado. Vumbi ndiyo mboga yetu.

Sasa asante. Nimejiapia kuliandika neno hilo mapema kabla sijaanza majigambo. Asante kwa honi! Ilifika kwa treni mikononi mwa yule rafiki yako wa behewa la mizigo, imefungwa gunia na kamba. Nilipofungua nikaona tarumbeta tatu zinang'aa, na ile mashine yake ndogo ya kusukuma upepo, nilikaa chini kabisa. Watoto wa Itetemia walikuja kuitazama. Nikawaambia mtu asiguse kabla hajanawa mikono.

Ile honi ya zamani unaijua kuliko mimi, maana uliendesha hiyo Landrova ya chanjo miaka kumi na mmoja kabla hujaniombea kazi na kuniachia usukani. Honi gani ile, Mjomba? Beberu mwenye mafua! Ukiibonyeza inakohoa mara mbili, halafu inasema "mbee". Madereva wenzangu hapa mjini walikuwa wananiuliza kama nimebeba mgonjwa.

Basi nikaifunga mpya mwenyewe. Kwanza nikatumia ule waya mwembamba wa zamani, fyuzi ikaungua. Nikatia nyingine, ikaungua. Mara ya tatu nikatia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, moshi ukatoka chini ya dashibodi, na hapo ndipo nilipokumbuka kuutazama mchoro uliouchora nyuma ya kalenda. Ndiyo, nilianza kazi kabla ya kusoma. Usicheke, darasa la sita lenyewe nililiacha hivyohivyo. Nikavuta waya mnene kutoka kwenye betri, nikatia ile swichi ya rilei kama ulivyoonyesha, nikazifunga tarumbeta juu ya bampa pembeni ya rejeta. Nilipobonyeza, kuku wa Bibi walipanda juu ya paa. Bibi mwenyewe alitoka na mwiko akiuliza treni imeingilia wapi.

Siku tatu nilikuwa sultani wa Tabora. Shomari, yule fundi baiskeli aliyenifundisha kuziba pancha, alinyanyua kichwa akasema, "Twalibu, Landrova yako imemeza lori?" Nikamwambia imemeza mawili, la tatu liko njiani.

Sasa sikiliza habari ya kijiji cha Ziba, maana hiyo ndiyo iliyonikalisha leo na kalamu.

Jumanne ya tarehe nane tulikwenda huko na Bwana Marko, bwana mifugo wetu mpya. Humjui. Ni mrefu, amesoma, na anaongea kidogo kama redio iliyoishiwa betri. Homa ya mapafu ilikuwa imeshaua ng'ombe kijiji cha jirani, na sisi tulibeba dawa ya chanjo kwenye sanduku la barafu. Dawa ile ikipoteza baridi inakuwa maji tu, na barafu yetu ilikuwa na uhai wa mpaka alasiri. Jambo la pili ni langu mwenyewe. Miezi yangu mitatu ya majaribio ilikuwa inaisha Ijumaa ileile. Bwana Marko ndiye aliyekuwa aandike kama nabaki kwenye usukani au narudi kwa Shomari kwenye pancha.

Basi mimi, kilometa moja kabla ya josho, nikaanza kuipiga. Ndefu, tarumbeta zote tatu. Bwana Marko akasema, "Inatosha." Nikamjibu, "Waache wajue kuwa tumefika, Bwana Marko." Nikaongeza nyingine.

Tulipofika hapakuwa na mtu. Moto unawaka chini ya sufuria, ndoo ya maji imeachwa katikati ya njia, zizi liko wazi, na mavi ya ng'ombe bado mabichi. Watu hakuna, ng'ombe hakuna. Alikuwapo bibi mmoja tu, Bibi Paskazia, ambaye magoti yake hayakimbii tena. Alikaa mlangoni kwake, pembeni ya mzigo mkubwa uliofungwa kwa kamba za katani.

Nikamwamkia, "Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mimi vyangu nimeshafunga. Lori liko wapi?"

"Lori gani, bibi?"

"Hilo lililolia. Nisaidie tu kupanda, na hicho chungu kikubwa msikitupe kama mlivyotupa vya wenzetu."

Mjomba, masikio yaliniwaka moto. Huko Dar najua mnasikia habari za operesheni ya vijiji. Mwezi uliopita malori yalikuja kuwahamisha majirani zao, na yalikuwa yanapiga honi za namna hiyohiyo tangu mbali, ili watu waanze kuezua nyumba zao kabla hayajafika. Na mimi nimekuja na sauti ileile, kilometa nzima, huku nacheka. Wenye ng'ombe walikuwa wameshaingia nao porini.

Bwana Marko akafungua sanduku, akatazama barafu, akafunga. "Twalibu, dawa hii ikiharibika nitaandika sababu."

"Ndiyo, Bwana Marko."

"Na sababu naiona hapa, imevaa bugaluu."

Nikakimbilia porini nikiita watu. Nimefunga, koo limekauka, miguu mipana ya suruali inanasa kwenye miiba. Nikaapa kwa Kiswahili, nikaapa na kwa Kinyamwezi, kwamba sisi ni watu wa chanjo. Hakuna aliyenijibu, na ningekuwa wao nami nisingejibu. Nikarudi nimeinamisha kichwa.

Bibi Paskazia akanitazama vile, akasema, "Kumbe ni gari la chanjo? Sasa mbona halijakohoa? La Mfaume lilikuwa linakohoa kwanza."

Nilisimama kama niliyemwagiwa maji ya baridi. Ile honi yako ya beberu ilikuwa kwenye sanduku la vifaa chini ya kiti. Sisemi niliihifadhi kwa akili, ni uvivu tu, sikuwa nimepata nafasi ya kwenda kuitupa. Nikainua boneti, nikafungua waya wa mpya, nikaunga wa zamani, nikaungua kidole. Nikabonyeza.

Ikakohoa mara mbili. "Mbee."

Kimya. Nikarudia. Kimya. Mara ya tatu nikasikia kengele za ng'ombe mbali porini, halafu matawi yanavunjika. Akatokea fahali mmoja mweusi anakimbia na kamba inaburuta nyuma yake, kisha wengine kumi, kisha sikuona tena ila vumbi na pembe. Nyuma yao wenye ng'ombe wanakuja wakipiga kelele, wengine wamening'inia kwenye mikia, wanawavuta warudi. Ng'ombe hawataki! Wewe ndiye uliyewaharibu, Mjomba. Miaka kumi na mmoja unapiga honi ile, unawachoma sindano, halafu unamrambisha kila mmoja magadi kwenye kiganja chako. Wao operesheni hawaijui. Wanajua magadi.

Na magadi yenyewe mimi sikuwa nayo! Tangu nichukue usukani niliacha kulibeba lile gunia, niliona ni uzito wa bure na mambo ya kizee. Wakaizunguka Landrova, wakaramba milango, wakaramba namba ya gari, mmoja akaramba kiwiko cha Bwana Marko mpaka akacheka. Wallahi alicheka, nina ushahidi wa kijiji kizima.

Akaja mkubwa wa wachungaji, anaitwa Lugembe, anahema na fimbo mkononi. "Mfaume yuko wapi?"

"Yuko Dar es Salaam, baba. Mimi ni mpwa wake."

Akanitazama kuanzia juu, akafika kwenye suruali akakawia. "Mpwa wa Mfaume? Mfaume alikuwa na suruali moja. Wewe kila mguu una suruali yake." Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka, ningefanya nini? Kisha yeye akaacha kucheka. "Na lile lililolia mwanzo?"

"Ni langu."

"Usituletee tena hapa."

"Sileti, baba."

Tulichanja ng'ombe mia tatu na kumi na wawili. Barafu ilipokwisha walikuwa wamebaki ndama sita, nao tukawawahi maji ya barafu yakiwa bado baridi.

Ijumaa Bwana Marko aliniita, akanipa barua. Nimeajiriwa, Mjomba! Dereva kamili. Chini ameongeza kwa mkono wake: "Anajifunza." Sijui kama ni sifa au ni tusi, lakini nimeitundika ukutani.

Honi yako nimeifungua kwenye gari siku ileile tuliyorudi. Hakuna aliyeniamuru. Nakuomba radhi, usidhani nimedharau zawadi. Iko juu ya kabati la Bibi, nimeifunika kwa kanga yake, na dada yangu Maua akiolewa nitaifunga kwenye gari la bibi harusi hapa mjini, ambako watu wakisikia kelele wanatoka nje kutazama. Nilimsimulia Bibi yote haya. Akasema misafara aliyokuwa anarudi nayo babu yake kutoka pwani ilipiga baragumu ingali mbali, na watu walinyamaza kwanza wasikilize kama ni msafara wa kwao au wa wengine. Akaongeza kwamba mimi nimejua juzi alichokijua yeye akiwa na miaka mitano.

Kwa hiyo asante yangu ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Honi uliyonitumia ni nzuri, hakuna dereva hapa asiyenionea kijicho. Lakini iliyonipa kazi ni ile uliyoniachia, pamoja na kiganja chako cha magadi ambacho mimi nilikiona ujinga. Ulikuwa umeniombea kazi mara mbili, na mimi nilikuwa najua moja tu.

Jumatatu nilirudi Ziba na magunia mawili ya magadi. Lugembe ameniita mpwa bila kuitazama suruali. Wote wanauliza utakuja lini, na ng'ombe nao, ukiona wanavyokitazama kiti cha dereva. Pamoja na barua hii yule rafiki yako wa treni atakupa kibuyu cha samli. Kimetoka kwa Bibi Paskazia. Kilikuwa ndani kabisa ya ule mzigo wake wa safari, akaufungua mbele yangu ili akitoe. Malori yatakuja au hayatakuja mimi sijui, hayo ni ya wakubwa. Lakini nilikaa pale mpaka nikamaliza kugawa magadi, na mzigo hakuufunga tena. Alianza kurudisha vitu ndani kimoja kimoja. Kile chungu kikubwa nilimbebea mimi.

Msalimie sana binamu Mwanahawa, hapo unapokaa kwake, na umwambie asiniite tena utingo. Mwanawe Mussa mbusu, mwambie nitampakia Landrova akija. Bibi, Mama na Maua wote wanakusalimu, na Shomari pia, ingawa amenuna kwa kukosa mtu wa kuziba pancha.

Mwenyezi Mungu akuzidishie pumzi, akupe magoti yasiyolalamika, na akurudishe Tabora tukuone kwa macho.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye na kukutania,

Twalibu,
dereva (kwa barua, si kwa mdomo).